Soli Iko Wapi?

Masomo ya kutafakari: Waefeso 6:10-20, 1 Samweli 17:1-40, Yohane 13:1-15



Kijana mwenzangu, leo tunaongea habari za viatu. Usicheke kwanza. Mtume Paulo alipowaandaa Waefeso kwa vita ya kiroho alitaja mshipi, dirii, ngao, chapeo na upanga, na hapo katikati, mstari wa 15, akaweka miguu. Kwenye semina zetu upanga tumehubiriwa mpaka tumeukariri. Ngao tumechorewa ubaoni. Miguu tunairuka, labda kwa sababu kiatu hakina ushujaa. Nani anaweka status akiwa ameshika kiatu? Lakini Paulo hakukisahau, na alichokifunga miguuni si kitu chepesi: ni utayari, ule unaozaliwa na Habari Njema ya amani.

Mimi mstari huu ulinikamata mwaka jana, na ulionikamatisha ni kiatu cha bati.

Kundi letu la VIWAWA hapa Kibaha lilikuwa linaandaa igizo la maisha ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambaye sikukuu yake ni 31 Julai. Tulipanga kuonesha mara mbili: kwanza nyumbani, halafu Kisarawe, ambako vijana wa kigango kimoja walitualika. Sasa Inyasi, kabla ya kuwa padre na kuanzisha Shirika la Yesu, alikuwa askari wa kiungwana, mtu wa farasi na upanga. Vijana wetu hawakutaka utani. Walitaka vazi la vita kamili, kuanzia utosini hadi kidole cha mguu. Kifua tulitengeneza kwa maboksi na rangi ya fedha. Chapeo ilitokana na sufuria ambayo sitasema ni ya mama wa nani. Ikabaki miguu.

Hicho kiatu cha chuma wenyewe wanakiita sabatoni. Kilivaliwa Ulaya tangu miaka ya 1300, na leo huko Ulaya na Marekani wapo mafundi wanaotengeneza nakala zake kwa watu wanaoigiza vita vya zamani: vipande vya chuma chenye unene wa milimita moja au moja na nusu, vimepangwa kwa kupishana kama magamba ya kakakuona, vimefungwa kwa ribiti ili mguu ukikunja navyo vikunje. Kuna vyenye ncha ndefu mbele, mtindo wa zamani zaidi, na kuna vipana bapa kama mdomo wa bata, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vya kisasa Inyasi akiwa kijana. Tulitazama bei yake mtandaoni, tukajumlisha na ya kusafirisha, tukafunga ukurasa kimyakimya.

Ndipo tukaenda Mailimoja kwa fundi bati mmoja, mzee wa Kiislamu, kwao ni Kilwa. Kazi yake ni majiko, makarai na masanduku ya bati ya wanafunzi. Tukamwamkia, akaitikia, tukampa simu aone picha. Aliishika mbali kidogo na macho, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena.

“Soli iko wapi?”

“Haina soli ya chuma, babu. Chini ni ngozi na mikanda tu. Chuma kinafunika juu.”

“Basi mwenye kiatu hiki hatembei. Huyu anabebwa.”

“Anapanda farasi.”

“Ndiyo nisemayo. Anabebwa.”

Akatuuliza tunataka lini, akataja bei yake, tukaomba apunguze, akapunguza kidogo. Lakini nilirudi nyumbani na lile swali. Nimekaa nalo karibu mwaka mzima.

Haki isemwe: wale mashujaa wa Ulaya walishuka farasi na kupigana kwa miguu mara nyingi, na sabatoni iliyopimwa kwa mguu wa mwenyewe haimzuii kutembea. Lakini tazama mahali fundi alipoweka nguvu. Chuma chote kiko juu, upande unaoonekana, upande unaokabili pigo la mtu aliye chini ukiwa wewe umekaa juu ya farasi. Inasimuliwa kwamba kwenye vita vya Sempach, Uswisi, mwaka 1386, waungwana wa Austria walipolazimika kushuka chini walianza kwa kukata ncha ndefu za viatu vyao, maana zilikuwa zinawakwaza. Hata leo Walinzi wa Uswisi wa Baba Mtakatifu, siku wanapokula kiapo, 6 Mei, wanavaa chuma kifuani na mabegani, lakini miguuni wamevaa viatu vya kawaida. Anayelinda kwa kusimama na kutembea anajua mguu unahitaji nini.

Sasa rudi kwa Paulo. Anapoandika kwa Waefeso anajitambulisha kama balozi aliye katika minyororo. Matendo ya Mitume 28:16 inatuambia kwamba kule Roma aliruhusiwa kukaa peke yake, pamoja na askari aliyemlinda. Kwa hiyo mtu huyu hakuhitaji kitabu cha historia ili ajue askari anavaa nini. Kiatu cha askari wa Kirumi kiliitwa kaliga, nacho ni kinyume kabisa cha sabatoni. Juu kiko wazi, ni mikanda ya ngozi tu, vidole unaviona. Chini ndiko kuna kazi: soli ya ngozi tabaka juu ya tabaka, na misumari ya chuma imepigiliwa vichwa vikitokeza nje. Mcheza mpira atanielewa haraka: ni njumu. Vinashika ardhi. Ukisukumwa huteleziki, ukiambiwa tembea unatembea kutwa ukiwa na mzigo mgongoni.

Silaha ya miguu anayoijua Paulo imewekwa chini, mahali ambapo hakuna anayekusifia. Ndiyo maana anaita utayari. Kuwa tayari ni habari ya soli: unaweza kwenda? Ukifika na mambo yakiwa magumu, unaweza kusimama? Sisi vijana wa mtandaoni tumejaa chuma cha juu. Tisheti za kundi tunazo, rozari shingoni ipo, mistari kwenye wasifu wa Instagram ipo, mijadala ya kutetea Kanisa tunaiweza mpaka saa nane usiku. Ukiulizwa umekwenda kwa nani wiki hii, kwa miguu yako hiyo, jibu linachelewa.

Katika Agano la Kale yule anayeelezwa kuwa na mabamba ya shaba miguuni ni nani? Goliathi. Mstari wa 6, soma mwenyewe. Na Daudi alipovishwa silaha za Sauli alijaribu kutembea, akaona hawezi, akavua. Tunapenda kuruka haraka kwenda kwenye kombeo na jiwe, lakini kabla ya jiwe kuna kijana anayejaribu hatua mbili tatu mbele ya mfalme, akasema kwa adabu kwamba na mavazi haya siwezi kwenda. Ingekuwa sisi tungeona aibu. Tungeyavaa hivyohivyo tusimuudhi mkubwa.

Nirudi kwa yule mzee wa Mailimoja, maana alikuwa na swali la pili, na hili sikulitegemea. Tulipokwenda kuangalia kazi tulimkuta anakata mapande na mkasi wa bati. Bila kuinua kichwa akauliza, “Hawa watu wenu wa chuma ndio walioshuka kwetu Kilwa?”

Nikamjibu ndiyo, babu, ni wa zama zilezile. Ningesema nini? Julai 1505 Francisco de Almeida alifika Kilwa na kundi la merikebu za Mreno, akaushambulia mji. Mmoja wa waliokuwa katika safari ile aliacha maandishi, na jambo linalouma mtu mkatoliki anapoyasoma ni mpangilio wake: mji ukishatekwa, mapadre Wafransisko wakashuka na misalaba miwili kwa maandamano, wakiimba wimbo wa kumshukuru Mungu, msalaba ukawekwa kwenye jumba la mfalme, kamanda akasali. Baada ya hapo askari wakaanza kupora mji. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Mombasa.

Kijana, usiipite aya hiyo mbio. Katika pwani yetu hii msalaba uliingia mji wa Kilwa siku hiyohiyo na waporaji, na mzee aliyezaliwa huko karne tano baadaye bado anaulizia. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza ukoo wa mgeni. Mtu anaweza kubeba Habari Njema mikononi na miguuni akawa na kitu kingine kabisa, na watu wanaofikiwa huona miguu kwanza. Isaya 52:7 inasifu uzuri wa miguu ya mleta habari njema. Nafikiri aliyekaa Kilwa siku ile hakuona uzuri.

Lakini pwani hiihii ina habari nyingine, nayo inamgusa Inyasi moja kwa moja. Mwaka 1542 rafiki yake, Mtakatifu Fransisko Ksaveri, akiwa njiani kwenda India, alitia nanga Malindi. Alikuja na merikebu za Mreno zilezile, tusimpambe. Ila katika barua aliyoandika baadaye mwaka huohuo kutoka Goa anasimulia kwamba Mwislamu mmoja mwenye heshima pale mjini alimuuliza swali: je, kwenu watu wanakwenda kanisani, wanasali kwa moyo? Maana huku kwetu, akasema, ibada imepoa. Mji una misikiti kumi na saba na inayotumika ni mitatu tu. Wakazungumza. Hawakuafikiana, kila mmoja akabaki na mawazo yake. Hakuna aliyebatizwa wala kilichoporwa. Ni watu wawili waliojali sala, wanaulizana kwa nini sala inapoa. Miaka 37 tu inatenganisha Kilwa ile na Malindi hii.

Mzee alipomaliza kukata nilimsimulia habari ya Malindi. Akasema, “Huyo alikuja kuongea.” Kisha akanionesha kitu ambacho hatukukiagiza. Pembeni ya mapande ya bati kulikuwa na jozi ya katambuga mpya, soli ya tairi, mikanda ya mpira. Alikuwa amezichukua kwa fundi viatu jirani yake. Bati lote alilifunga juu ya katambuga zile kwa ndoana ndogo na mikanda, ili mwigizaji akitaka kuvua chuma avue chuma peke yake, viatu vya kutembelea vibaki. “Mtoto wenu asije kuanguka jukwaani,” akasema. Kwa soli hizo hakutudai kitu.

Jamani, mtu asiyesali kanisa letu ndiye aliyetuwekea soli. Hilo nalo nimelitafakari.

Basi, Inyasi mwenyewe. Wengi mnamjua kwa jina, kwa sababu ya shule ya Loyola pale Mabibo, au kwa mafungo. Alizaliwa mwaka 1491 katika nchi ya Wabaski, Hispania, familia ya kiungwana, na ujana wake ulikuwa wa kujionesha: nywele, nguo, upanga, mabinti. Tarehe 20 Mei 1521, akiwa analinda ngome ya Pamplona dhidi ya Wafaransa, mzinga ukapita katikati ya miguu yake. Wa kulia ukavunjika vibaya, wa kushoto ukajeruhiwa. Wafaransa wakamtibu kwa heshima, wakamrudisha kwao kwa machela. Huyo mtu wa farasi akabebwa kweli.

Mifupa iliungwa vibaya, ikabidi ivunjwe na kuungwa upya, zama ambazo ganzi haijulikani. Hapo unasema sawa, alitaka kupona. Lakini alipopona, mfupa mmoja ulibaki umetokeza chini ya goti, na mguu ukawa mfupi. Kilichomkera zaidi kilikuwa sura ya mguu. Waliomwandika wanaeleza kwamba alitaka kuvaa buti za mtindo wa wakati ule, zile za kubana, na kile kinundu kingeharibu. Akawauliza waganga kama wanaweza kukikata. Wakamwambia inawezekana, ila maumivu yatazidi yote aliyokwisha kuyapata. Akasema kateni. Wakakata mfupa hai kwa sababu ya buti.

Usimcheke Inyasi. Wapo miongoni mwetu waliokopa kwa riba ili wanunue raba. Wapo waliokosa Misa mwezi mzima kwa sababu hawana kiatu wanachoona kinafaa kukaa benchi moja na fulani. Kile kinundu kila mtu anacho, na kila mtu ana buti anayoifikiria usiku.

Sasa alipokuwa kitandani aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa wa farasi. Nyumba nzima havikuwapo. Kilichopatikana ni maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu. Akasoma kwa kukosa kingine, na taratibu akagundua kwamba ndoto za ushujaa zinampa raha zikishapita zinamwacha mkavu, wakati mawazo ya kumfuata Kristo yakipita furaha inabaki. Kutambua roho, ambako Wajesuiti wanatufundisha hadi leo, kulianzia kwenye kitanda kile, mguu ukiwa umefungwa.

Machi 1522 akafika Montserrat, kwa Bikira Maria. Usiku wa kuamkia 25, sikukuu ya Kupashwa Habari, alikesha mbele ya altare, mara amesimama, mara amepiga magoti. Upanga na jambia akaviacha kwa Mama. Nguo zake za kiungwana akampa maskini mmoja, yeye akavaa gunia. Baadaye akasikia yule maskini amekamatwa akidhaniwa ameziiba, na Inyasi akatokwa machozi. (Hata sadaka yetu inaweza kumwingiza mtu matatani tusipofuatilia. Hilo ni somo la siku nyingine.)

Na miguuni? Hapa ndipo nilipoacha kusoma nikasimama. Kabla ya Montserrat alinunua gunia, fimbo, kibuyu cha maji, na viatu vya kamba vya watu wa kawaida. Kati ya viatu viwili alivaa kimoja tu. Si kwa kujitesa wala kwa mbwembwe. Mguu uliovunjika ulikuwa bado umefungwa, na kila jioni aliukuta umevimba, ndiyo akaona huo uvikwe. Mwingine ulikwenda peku. Mtu aliyekatwa mfupa kwa ajili ya buti nzuri, mwaka haujatimia, anaonekana barabarani na kiatu kimoja cha kamba kwenye mguu wake mbaya. Baadaye aliposimulia maisha yake hakujiita nahodha wala padre mkuu, alijiita msafiri wa hija. Kuchechemea kulibaki hadi kifo chake, 31 Julai 1556.

Huo ndio mguu uliovikwa utayari. Uliovimba, uliofungwa, na unakwenda.

Siku ya Kisarawe ikafika. Tulipanda daladala na mizigo yetu, tukazunguka hadi Gongo la Mboto, tukapandisha Pugu. Pale Pugu tulishuka tukasali. Kama hujafika kuhiji, nenda. Wabenediktini walifungua misheni hapo mwaka 1888, na mwezi Januari 1889 ikashambuliwa na kuchomwa. Mabruda wawili na sista mmoja wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Hawakuwa askari. Ila ulikuwa mwaka ambao kampuni ya Wajerumani ilikuja kujitwalia pwani, watu wa Abushiri wakainuka kupigana, na katika moshi ule hakuna aliyeweza kutofautisha mguu wa kampuni na mguu wa sista. Mimi hupasali mahali pale kwa pande zote mbili. Ni maoni yangu, usinibishie.

Kijana wetu aliyecheza Inyasi ni dereva wa bodaboda. Amekubali niandike haya, jina hataki. Kwao ni Kisarawe. Mama yake alifariki, baba akaoa tena kabla ya mwaka kuisha, kijana akatamka maneno ambayo mtoto hamwambii baba, na baba akamjibu kwa sentensi moja: usikanyage tena kwangu. Kijana akahamia Kibaha. Miaka mitatu ikapita hajakanyaga.

Igizo lilikwenda vizuri. Watoto walishangilia mzinga. Wakati watu wanagawiwa chai yeye akaja nilipokuwa nakunja pazia.

“Kaka, nisindikize.”

“Wapi?”

“Nyumbani.”

Akakaa kwenye ngazi ya kanisa, akafungua ndoana moja moja. Bati likalia kwenye saruji. Chini yake zikabaki katambuga za mzee. Tukaondoka nazo hivyohivyo, yeye akiwa bado na gunia la Inyasi juu ya suruali, maana alisema akirudi kubadilisha atapata sababu ya kutokwenda.

Ni mwendo wa kama dakika arobaini, mchanga na mikorosho. Alisimama mara mbili. Mara ya pili akauliza, “Akinifukuza je?” Nikamwambia tutarudi kwa njia hiihii. Sikuwa na neno lingine.

Aliyetoka tulipopiga hodi alikuwa mama wa kambo. Huyo hakuwahi kumwamkia hata siku moja. Akasimama kimya, nikadhani tunageuka, halafu akainama kidogo akasema, “Shikamoo mama.” Yule mama alikawia. Nilisikia kuku. Kisha akasema, “Marahaba. Karibuni,” akaingia ndani, akatoka na ndoo ya maji na kopo, akaviweka mlangoni kwa ajili ya mchanga wa miguuni. Kijana akavua katambuga, yule mama akamimina maji.

Nilimfikiria Petro siku ile ya karamu, alivyorudisha miguu nyuma. Sisi tunadhani alikataa kwa unyenyekevu. Kuoshwa miguu kuna aibu yake, mtu anauona ufa wa kisigino chako. Na mguu ulio ndani ya chuma hauoshwi. Lazima kwanza uvuliwe, na anayevua ni mwenye mguu.

Baba akatoka nyuma ya nyumba na jembe. Akatutazama, akaanzia chini.

“Umekuja na nini?”

“Kwa miguu, baba.”

“Kutoka Kibaha?”

“Kutoka kanisani.”

Kimya. “Katambuga hizo nani kakutengenezea?”

“Mzee mmoja wa Mailimoja.”

“Kazi nzuri.”

Akaweka jembe chini, akaonesha mkeka. Tukala ugali na kisamvu. Hakuna aliyeomba msamaha siku ile, hakuna aliyelia, wala habari ya mama marehemu haikuguswa. Jua lilipokaribia kuzama tukaaga. Tangu hapo amerudi mara nyingine mbili. Mara ya kwanza baba hakukaa naye, alipita tu. Mara ya pili ilikuwa msimu wa korosho, akaambiwa kama una nafasi baki utusaidie kuokota. Akabaki siku tatu na bodaboda ikalala. Hayajaisha, ameniambia, na ninyi wenye wazazi mliokorofishana nao mnajua hayaishi kwa kisahani cha kisamvu. Paulo ameandika juu ya Injili ya amani, na amani hiyo ina mlango wenye anuani, na kati yako na mlango ule kuna mchanga.

Inyasi alituachia utaratibu wa kupitia siku yetu kila jioni mbele ya Mungu. Wiki hii jaribu kuufanya kwa miguu. Kabla ya kulala kaa kitandani, zima data, tazama miguu yako na umuulize Bwana: leo imenipeleka wapi? Wapi nilipita kwa kuzunguka ili nisionane na mtu? Ni nyumba gani naijua njia yake na sijaikanyaga? Usikimbilie kuahidi makubwa. Taja jina la nyumba moja, mwombee aliyemo, kisha fikiri utavaa nini. Kama jambo lenu lina hatari ya kweli, kuna kipigo au ukatili ndani yake, usiende peke yako; mwone padre wako au mlezi kwanza. Utayari si kujitupa. Wengine kati yenu ndio wenye nyumba, mtu anasita huko njiani kwenye mikorosho yenu. Nanyi wekeni ndoo mlangoni.

Kwa vijana wa parokia nyingine wanaopanga igizo la Inyasi, au la Jeanne wa Arc, au hata la maaskari wa Ijumaa Kuu (ingawa hao wavalisheni kandambili zenye mikanda, mtakuwa karibu zaidi na historia): zile sabatoni za bati tunazo stoo, tunaazima bure. Zinamtosha mwenye mguu wa namba 42, 43 akijikaza. Hewa ya huku ina chumvi na unyevu, kwa hiyo mkimaliza futeni jasho na kupaka mafuta kidogo kwenye ribiti kabla ya kuzirudisha. Mtatafuta soli zenu wenyewe. Zile katambuga hazimo stoo, mwenyewe anazivaa.